Jua linaweza kumaliza sumu ya moshi kwenye sangara?

Wiki iliyopita niko pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki Mwanza, nanunua sangara wa moshi, mama ninayemzoea kaanika vipande kwenye kichanja anavigeuza kimoja kimoja ngozi iangalie juu, akaniambia mwanangu jua hili linamaliza sumu yote ya moshi. Kijana mmoja pembeni anayesoma kemia chuo akambishia palepale, mama hiyo sumu ni pete za kaboni, pete hazivunjwi na jua. Nimelifikiria sana maana samaki huyu ndo tunawalisha watoto, na kwa kweli wote wana pointi ila kila mmoja kashika nusu.

Kijana kwanza, na tuanze na pete moja tu, benzini. Benzini ni atomu 6 za kaboni zimeshikana duara, na zipo elektroni ambazo hazikai kwenye kiungo kimoja, zimetandaa pete nzima, kwa hiyo nguvu ikiingia inasambaa, haigandi sehemu moja mpaka pakatike. Hata mionzi ya gama inaonyesha hilo: ukiipiga benzini, halafu ukapiga saikloheksani ambayo nayo ni duara la kaboni 6 ila haina elektroni za kugawana hivyo, saikloheksani inatoa gesi ya haidrojeni, dalili kwamba viungo vinakatika, zaidi ya mara 100 kuliko benzini. Yaani kinacholinda siyo duara, ni ule ugawanaji. Na jua ndo kabisa, mionzi ya urujuanimno ambayo benzini inaifyonza vizuri ni ya mawimbi mafupi, chini ya nanomita 280 hivi, hiyo inaishia kwenye ozoni huko juu, ziwani haifiki.

Ila ishu ya samaki wa moshi siyo benzini. Ni pete zilizobebana, na inayotajwa zaidi ni benzopairini, pete 5, ambayo taasisi ya utafiti wa saratani ya WHO imeiweka kundi la 1, maana yake inasababisha saratani kwa binadamu. Sasa pete zikiungana nyingi hivyo zinaanza kufyonza mwanga wa mawimbi marefu, mpaka karibu nanomita 400, na huo Mwanza tunao wa kumwaga. Ikishafyonza, oksijeni ya hewani inaivamia na pete inaharibika. Hapo mama yuko sahihi kabisa.

Lakini angalia kipande chenyewe. Sangara ana mafuta, na pete hizi zinapenda mafuta, zinazama nayo chini ya ngozi na kwenye mipasuko ambako mwanga haugusi, juu yake kuna masizi yanaweka kivuli. Halafu kuvunjika siyo kupotea, benzopairini nyingine inageuka kuwa kemikali zinazoitwa kwinoni na hizo nazo zinaumiza seli. Na ukimwacha juani siku nzima ili umalize sumu, jua hilohilo linachachusha mafuta.

Mi nasimama hapa: kuanika kunapunguza kidogo juu juu, siyo dawa. Pete nyingi zinazaliwa pale tone la mafuta linapodondokea mkaa, unasikia chwaa, moshi mzito unapanda unamrudia samaki. Hapo ndo pa kuzibia. Senegal walitengeneza jiko na FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, mwaka 2008, lina trei ya kukinga mafuta yasifike kwenye moto, na kwa soko la Ulaya ni muhimu maana tangu 2014 samaki wa moshi haruhusiwi kuzidi mikrogramu 2 za benzopairini kwa kilo.

Jana nikarudi nikamweleza mama. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, sasa mwanangu hilo jiko shilingi ngapi? Nikashindwa kujibu, ni swali la haki kwa mtu anayeuza vipande apate hela ya ada. Tukaangalia jiko lake pamoja, akaokota kipande cha bati, akakunja kingo kwa nyundo, akakiweka katikati ya wavu na mkaa akaacha nafasi pembeni moto upite. Tone la kwanza likadondoka kwenye bati, likatulia.