Michael Armitage na lubugo: mchoraji chotara ni wa nani?

Michael Armitage alizaliwa Nairobi mwaka 1984, mama Mkikuyu, baba Mwingereza wa Yorkshire. Alisomea uchoraji London, na huko ndiko jina lake lilikokua. Kila anapotajwa, swali huwa lile lile: huyu ni wetu au ni wao? Mitaani Nairobi mtu kama yeye huitwa "pointi faivu", yaani nusu. Nalichukia neno hilo, kwa sababu hakuna mtu anayeishi akiwa nusu.

Badala ya turubai, Armitage huchora juu ya lubugo, kitambaa cha Waganda kinachotokana na gome la mti wa mutuba. Gome huvuliwa, likapondwapondwa kwa nyundo za mbao mpaka likalainika na kutanuka. Kitambaa hicho huvaliwa katika sherehe za ufalme na hutumika kuwasitiri wafu. Armitage alikikuta sokoni Nairobi, kikiuzwa kwa watalii.

Wanaomtetea huanzia hapo, nami naona wana hoja nzito. Lubugo ina matundu na mishono, na rangi ya mafuta, ambayo ni urithi wa Ulaya, haitulii juu yake. Uso ukiangukia penye tundu, mchoraji hana budi kulifuata tundu lile. Tazama picha yake #mydressmychoice ("nguo yangu, hiari yangu") ya mwaka 2015, iliyotokana na kisa cha mwanamke aliyevuliwa nguo hadharani Nairobi mwaka 2014. Amelala akitupa mgongo, kama Venus, mungu wa kike wa mapenzi, katika picha ya Mhispania Velázquez iliyoko London, ila huyu amezungukwa na miguu ya wanaume. Aliyeijua Venus peke yake ataona uzuri, na aliyekijua kisa cha Nairobi ataona aibu yetu. Armitage alivijua vyote viwili, na picha imebeba vyote viwili kwa pamoja. Asili mbili zimemwongezea macho.

Lakini wanaomshuku nao wasikilizwe. Lubugo ni ya Waganda, si ya Wakikuyu wala ya watu wa Yorkshire. Kuwa na mama Mwafrika hakumpi mtu hati ya kumiliki mila zote za Afrika Mashariki. Tena ni sanda. Kuigeuza kuwa kitu cha kuning'inizwa ukutani kwa tajiri kunahitaji sababu kubwa kuliko kupendeza. Halafu kuna fedha: mwaka 2019 picha yake moja ilinadiwa New York kwa dola zaidi ya milioni 1.5. Picha zake za mikutano ya upinzani ya uchaguzi wa Kenya wa 2017 zilionyeshwa Venice, Italia. Vurugu zetu, rangi zetu kali, nyani na misitu yetu vinatazamwa na watu wasiotujua, na Gauguin, mchoraji Mfaransa ambaye Armitage hukopa kwake waziwazi, aliwahi kuwauzia Wazungu Tahiti ya namna hiyo hiyo.

Hoja ya sanda hainishawishi sana. Anayechora mwanamke aliyedhalilishwa, au umati uliokabiliwa na polisi, ana sababu ya kuchagua kitambaa cha msiba. Hoja ya watazamaji ndiyo inayoniuma. Mkenya wa kawaida amezionea picha hizi kwenye simu, na kwenye simu tundu la lubugo halionekani.

Ndiyo maana nalipa uzito jambo ambalo wakosoaji wengi hulipita haraka. Alipofanya maonyesho Royal Academy, jumba la sanaa la London, mwaka 2021, alitenga nafasi kwa wachoraji wakubwa zake wa Afrika Mashariki: Elimo Njau, Theresa Musoke, Jak Katarikawe, Sane Wadu. Pia ameanzisha Nairobi taasisi ya sanaa, NCAI, ambayo mwaka 2022 ilionyesha kazi za Sane Wadu za miaka mingi. Mtu wa Nairobi aliweza kuingia, akasogea karibu na picha, akaiona rangi ilivyopakwa.

Picha za Armitage mwenyewe bado tunazingoja zije kwa wingi namna hiyo.