Kiungio kimoja

Kila nikimaliza kuchomelea bomba la shaba la friji, napaka povu la sabuni kwenye kiungio, nachuchumaa, nasubiri. Kikitoa kipovu hata cha ukubwa wa kichwa cha pini, naanza upya. Wateja wengine huona napoteza muda. Mtambo unaonipa moyo katika kazi hii uko mbali, chini ya ardhi, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa.

Ni ule mtambo wa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, wenye duara la kilomita 27, unaokimbiza protoni, chembe ndogo mno za ndani ya atomu, hadi zikaribie kasi ya mwanga. Chembe ya Higgs, iliyotafutwa kwa miaka mingi, ilipotangazwa mwaka 2012 kuwa imeonekana humo, wanafizikia walisifiwa dunia nzima, na walistahili. Lakini mtambo ule kwanza ni friji, na mafundi wa baridi yake hawajapewa heshima yao.

Protoni hupindishwa zifuate duara na sumaku 1,232, kila moja ina urefu wa mita 15. Nyaya zake hubeba umeme wa ampea zaidi ya 11,000. Nyaya hizo ni nyembamba, zingeyeyuka, ila zikipoa vya kutosha ukinzani wote, yaani kile kinachouzuia umeme kupita, unaisha na umeme unapita bila kuzalisha joto. Ndiyo maana sumaku zimezamishwa kwenye heliamu, gesi nyepesi iliyogeuzwa majimaji, nyuzi 271 chini ya sifuri. Hata anga tupu kati ya nyota halina baridi hiyo.

Mwanzo wa kuipoza heliamu ni ule tunaoujua sisi mafundi: gesi inagandamizwa kwa kompresa, inatolewa joto, inaachiwa itanuke. Kwenye nyuzi 269 chini ya sifuri inakuwa majimaji. Kushuka zaidi, presha inapunguzwa. Waliopanda Kilimanjaro wanajua kule juu maji huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha, maana hewa ni nyepesi. Heliamu nayo, presha ikishuka mno, huchemka kwenye baridi kali zaidi na kuondoka na joto la kilicho jirani. Ikishapoa hivyo inakosa mnato kabisa, inapenya ufa usioweza kupitisha hata maji. Mabomba yake nayo yana mikunjo kama ya kodiani, kwa sababu sumaku moja ikipoa husinyaa sentimita 4 hivi.

Tarehe 19 Septemba 2008, siku tisa tu baada ya protoni kuzungushwa mara ya kwanza, kiungio kimoja cha umeme kati ya sumaku mbili kilishindwa. Kilikuwa na ukinzani mdogo sana usiotakiwa. Kikapata moto, kikaachia, cheche ikatoboa chombo cha heliamu. Tani 6 hivi zikavuja, zikageuka gesi na kutanuka kwa nguvu iliyong'oa sumaku za tani 30 na zaidi kwenye sakafu ya zege. Sumaku 53 zikatolewa, mtambo ukalala zaidi ya mwaka. Kuanzia 2013 waliimarisha viungio zaidi ya 10,000, kimoja baada ya kingine, kwa mikono ya mafundi.

Kwa hiyo naumia nikisikia kijana anapelekwa kusomea friji kwa kuwa eti kafeli masomo. Kazi yenyewe ni fizikia tupu, inafanywa kwa kupiga magoti.

Na jambo hili linatugusa Tanzania. Mwaka 2016 watafiti walitangaza kuwa chini ya Bonde la Rukwa kuna heliamu nyingi, iliyofukuzwa kwenye miamba ya kale na joto la volkano. Gesi hiyo ikishapotelea hewani hairudi, inapanda hadi inaihama dunia. Mashine za MRI za hospitali, zinazopiga picha za ndani ya mwili, nazo hupozwa kwa heliamu. Sijui tutamkabidhi nani baridi hiyo kama hatujaandaa watu wetu. Mimi naomba chuo kimoja cha ufundi, kiwe Mbeya au Sumbawanga, kipewe mtambo mdogo wa kuigeuza heliamu kuwa majimaji, na vijana waanze kuvijaribu viungio vyake kabla mitungi haijapakiwa melini.