Beseni la Ming'oko

Msimu wa korosho ukifunguliwa Oktoba, karani wa chama cha msingi cha ushirika hana mlango, ana uwazi tu. Kazi yangu hapa Nanyamba, Mtwara, ni kutoa vipimo vya mizani kwenye daftari la ghala na kuiingiza kwenye kompyuta: jina, magunia, kilo, daraja. Ukikatizwa katikati ya mstari, kilo za mtu zinahamia kwa jirani yake, na hapo omba Mungu.

Siku hiyo mnada ulikuwa kesho yake. Nikabandika karatasi mlangoni: NINA KAZI, TAFADHALI USIINGIE. Wa kwanza akaingia kuuliza ni kazi gani. Wa pili akaja kunisomea tangazo, akidhani kuna mtu kanibandikia. Na hodi ya huku huipuuzi. Ukinyamaza, watu wanajua umeanguka, wanavunja mlango.

Akaja bibi wa ming'oko, vile viazi pori vya kuchemsha.

"Mjukuu wangu, tangu asubuhi hujatia kitu tumboni."

Meza imejaa madaftari, akatua beseni pale palipobaki: juu ya kibodi, upande wa namba. Mimi nimeinama natafuta chenji ya elfu kumi. Kuinuka, mzee mmoja yuko dirishani, shikamoo, na kwa mzee hujibiwi salamu moja ukaachiwa. Tukapita nyumbani, shambani, tukamalizia kwa mbuzi wake aliyezaa mapacha. Bibi akanyanyua beseni, ukingo ukagusa Enter, akaondoka zake. Nikaendelea na mstari uliofuata, nikaprinti orodha, nikaibandika ukutani.

Haikupita nusu saa, mzee yuleyule wa dirishani akaingia bila hodi, karatasi mkononi. Tangu stakabadhi ghalani, mfumo wa kukusanya korosho ghalani zikauzwe mnadani, ianze 2007, haamini hesabu asiyoisoma mwenyewe.

"Mwanangu, mimi mkulima. Mbona mmeniandikia nyavu?"

Kweli, mbele ya jina lake palikuwa na ##########. Namba ilikuwa ndefu kuliko safu, kompyuta ikashindwa kuionyesha. Nikaivuta safu kwa mausi. Kilo zake 840 zikatokea na mkia wa sifuri mpaka ukingo wa skrini. Nchi nzima haijawahi kuvuna hata tani milioni moja kwa msimu. Mzee peke yake alikuwa ameshaipita Tanzania na dunia yake.

Akavaa miwani, akazifuata sifuri kwa kidole, taratibu, moja moja. Nikapeleka mkono kufuta.

"We! Usiguse! Printi hivyohivyo."

Bibi, aliyekuwa amerudi kuchukua sahani yake, akachungulia skrini.

"Na la kwangu jina liko wapi hapo, mjukuu? Nishike beseni."