Zahanati ya Kampuni, Mshahara wa Serikali

Mwaka 2013 wananchi wa Mtwara walipinga bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam. Walitaka kwanza waone manufaa ya gesi ya Mnazi Bay mkoani kwao. Bomba lilikamilika 2015, na mwaka huohuo Sheria ya Petroli ikazitaka kampuni ziandae mpango wa uwajibikaji kwa jamii, yaani wa michango yao kwa wananchi, kila mwaka na kukubaliana na halmashauri. Sasa mabishano ni haya: huduma tuzidai kwa kampuni au kwa serikali?

Wanaosema kampuni wana hoja nzito. Mjamzito wa Msimbati, jirani na visima vya gesi, hawezi kungoja bajeti ipite Dodoma. Kampuni ikiamua kujenga zahanati, haipiti mlolongo huo. Na ni haki waliotoa ardhi yao waanze kufaidi.

Lakini jengo halitibu mtu. Muuguzi, dawa, umeme na ukarabati ni gharama za miaka nenda rudi, na mishahara ya watumishi huangukia serikalini. Utepe ukishakatwa, mzigo mkubwa unarudi kwenye bajeti ileile tuliyoambiwa haitoshi. Tena msaada wa kampuni hufuata kisima cha gesi, haufuati shida. Newala, juu kule kwenye uwanda wa Makonde, maji yamekuwa taabu kwa vizazi, na gesi haichimbwi huko. Mtoto wa Newala akose kwa sababu hiyo? Hapa ndipo ninapoegemea upande wa serikali bila kusita. Ndiyo pekee yenye uwezo wa kuchukua kodi ya gesi ikaipeleka kusikochimbwa kitu. Elimu bila ada ilipoanza 2016, hakuna kata iliyoulizwa ina kiwanda gani.

Kuna jambo jingine linaloniumiza. Sheria ya kodi huruhusu baadhi ya michango ya kampuni ipunguzwe kwenye mapato yanayotozwa kodi. Maana yake, sehemu ya dawati la msaada tunalolipigia makofi tumelilipia wenyewe, kwa kodi isiyokusanywa. Ushuru wa huduma, unaotozwa na halmashauri kwenye mauzo ya kampuni, haupigiwi makofi wala kupigwa picha, ingawa ni haki yetu kisheria.

Basi mikutano ya vijiji, inaposomewa mapato na matumizi, isomewe na haya mawili, kila moja peke yake: kampuni imelipa ushuru kiasi gani, na imechangia nini juu ya ushuru huo.