Kinu ya koko ilienda kuoga

Msinicheke kabla sijamaliza. Shemeki wetu alikuja Bukavu, huku mashariki ya Kongo, mara ya kwanza, kijana wa Kinshasa, eko anataka kuoa mdogo wangu, amevaa viatu nyeupe, na sisi tunaishi kule Kadutu juu, mvua ya mwezi wa kumi imenyesha usiku mzima. Wenye wanajua Kadutu wanajua hizo viatu zilifika na rangi gani.

Jioni tukaanza kubishana juu ya chakula. Yeye anaita pondu, sisi sombe, majani ni yale yale ya muhogo, lakini akasema kwao mama yake anainunua tu sokoni imeshasagwa na mashini. Hapo njo mdomo wangu ukaniponza. Nikasema shemeki, huku kwetu sombe inatwangwa, ya mashini inanuka chuma, kesho nitakutwangia mimi mwenyewe na hii mikono yangu. Mdogo wangu akaniangalia. Mama akaniangalia. Mara ya mwisho kushika mtwangio nilikuwa primeri ya tano, na ilikuwa azabu.

Asubuhi Mama akaenda soko ya Kadutu, akarudi na mafungu manne ya majani laini laini, maana mvua ikianza muhogo unatoa majani mapya, yale yenye hayana uzi, na puaro (ile kitunguu ya majani marefu), bilinganya, pilipili, mafuta ya ngazi, njo mawese, ndani ya chupa ya maji, na sambaza kavu. (Shemeki akauliza kama sambaza ni samaki ama ni chambo ya kuvulia samaki. Nikamwambia hizo zilikuwa wageni sawa na wewe, Wabelgiji njo walizitoa ziwa Tanganyika wakazimwaga humu ziwa Kivu mwisho wa miaka ya 1950, na leo zimezoea ziwa kutupita sisi. Akanyamaza.)

Kinu yetu ni ya koko, mama ya Mama. Ni kisiki kizima wamekitoboa tumbo, kuibeba ni kazi. Mama anaiweka nyuma ya nyumba, mahali pamoja tu penye pako sawa, ukubwa wa meza hivi, maana parseli yetu, kiwanja chetu chote, ni mlima, ukisimama pembeni paa ya jirani iko chini ya vidole vyako. Lakini kule nyuma ni giza, na shemeki alitaka kupiga video yenye inaonyesha ziwa. Nikasema hakuna shida. Nikaburuta kinu mpaka pembeni kabisa, nikaweka jiwe dogo chini yake. Hilo jiwe mlikumbuke.

Nilitwanga vizuri, sidanganyi. Dakika kumi za kwanza nilikuwa hata naimba. Kisha mikono ikaanza kuwaka, nikaona mdogo wangu anacheka nyuma ya pazia, basi nikaongeza nguvu, po! po! po! na udongo wa mvua munaujua, jiwe likazama polepole, kinu ikainama. Mtu mwenye akili angeshika kinu. Mimi nilishika mtwangio, nikaukumbatia kabisa, na kinu ikaenda.

Ilianza polepole kama mzee anashuka ngazi. Ngazi ya kwanza, pu. Ya pili, pu. Kila ikijigeuza inatapika sombe. Ya tatu ikairuka, ikakata kona yenyewe, ikapita kwenye kamba ya nguo ikabeba shuka moja, njo nikaona inaelekea wapi. Kule chini kuna bafu ya jirani, miti minne na bashi (turubai) ya bluu, na juu ya bashi kulikuwa kumetundikwa taulo. Maana yake mtu eko ndani.

Nikaita "Papaaa!" lakini kinu ilinishinda mbio.

Bashi ikalala. Muzee akabaki amesimama, beseni mbele yake, sabuni kichwani, sombe kutoka kifua mpaka magoti, na kinu imetulia wima miguuni pake kama mgeni mwenye anangoja kiti. Akaangalia kinu kwanza. Kisha akainua macho polepole mpaka juu, akaniona na mtwangio. Shemeki eko pembeni yangu, simu bado inapiga video.

Na ule muzee si mtu hivi hivi. Njo yeye Mama alikuwa amemuomba awe msemaji wetu siku ya mahari.

Nilishuka kuomba msamaha kwa magoti, magoti ya kweli, maana niliteleza. Bibi yake alikuwa ameshashika kinu, nusu ya sombe bado iko ndani, akasema chenye kinaanguka ndani ya parseli yake ni chake. Akapika. Sasa sombe si kitu ya haraka, unaichemsha bila kufunika mpaka sumu ya muhogo itoke na mvuke, na hapa Bukavu tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari, maji yanatokota kabla hayajapata moto wenyewe, basi toka saa saba mpaka saa kumi na moja tumekaa huku juu tunanusa sombe yetu inaiva kule chini, na puaro yao, na mafuta yao ya ngazi. Mdogo wangu akakimbia sokoni kununua ya mashini. Shemeki akakula sahani mbili, akajipangusa mdomo, akaniambia: "Shemeki, hii chuma yenu ni tamu."

Siku ya mahari, ba Kinshasa walipoanza kulia bei, muzee akasimama, akanyoosha koti, akasema: "Mimi, juu ya huyu mtoto, nilioga sombe." Video walikuwa wameshaiona wote. Mbuzi ikaongezeka moja, hakuna mwenye alibisha.

Kinu ilirudishwa na vijana wanne, wakakula mbele ya kubeba na nyuma ya kubeba. Iko mahali pake nyuma ya nyumba, haiwezi tena kwenda popote. Lakini Mama, kabla hajatia majani, anaenda kwanza pembeni, anaita kule chini: "Papa, umemaliza kuoga?"