Mechi isiyohesabiwa

Tarehe 6 Septemba 2025 mpwa wangu alinipeleka uwanja wa Carter-Finley, hapa Raleigh, North Carolina, kuangalia timu ya chuo cha NC State wakicheza mpira wa Kimarekani na chuo cha Virginia. Yeye ni mwanafunzi, tiketi alizipata, akasema "Mjomba, leo huendi kulala." Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku. Nikaenda.

Kwenye maegesho watu walishafungua magari yao nyuma, moshi wa nyama umetanda, na mama mmoja tusiyemjua akatujazia kuku kwenye sahani za karatasi akatuhimiza tule. NC State wakashinda 35-31. Nilipiga kelele mpaka sauti ikanikauka. Wakati tunatoka nikamwuliza kijana swali ambalo mtu yeyote aliyekua akifuatilia msimamo wa ligi angeliuliza: "Sasa kwenye konferensi tuko wa ngapi?" Konferensi ndiyo ligi ya vyuo kadhaa; yetu ni ACC, Konferensi ya Pwani ya Atlantiki.

"Hii haihesabiwi, Mjomba."

"Haihesabiwi vipi? Virginia si wenzetu wa ACC?"

"Ni wenzetu. Lakini ya leo imeandikwa kama mechi ya nje ya konferensi."

Nilisimama pale pale. Timu mbili za ligi moja zimekutana, vijana wamegongana kwa saa tatu na zaidi, mmoja ameshinda na mwingine amefungwa, halafu kwenye msimamo wa ubingwa hakuna kilichotokea. Na wala haikuwa mechi ya kirafiki, kwa sababu kwenye rekodi ya msimu mzima iliingia. Kwenye mbio za ubingwa wa ACC ndiko ilikofungiwa mlango. Sababu ni ratiba: ACC ina timu 17, kila timu ilipangiwa mechi nane tu za kuhesabiwa, na katika nane hizo Virginia na NC State hawakupangiwa kukutana. Big 12, konferensi nyingine, nao walifanya hivyo hivyo kwa Arizona na Kansas State, 2024 na tena 2025.

Nitakuwa mkweli: hata ile mechi ingehesabiwa, Virginia wangebaki kileleni. Walimaliza 7-1, yaani kushinda saba na kufungwa moja, wangekuwa 7-2, na bado wangewazidi waliomaliza 6-2. Kwa hiyo sidai kwamba NC State tuliibiwa ubingwa. Tulimaliza katikati ya msimamo na ndipo tulipostahili. Kilichonikera ni kile nilichokuja kukiona miezi mitatu baadaye, ndipo nikaelewa kwamba ile Jumamosi ya Septemba ilikuwa dalili tu.

Jumamosi ya mwisho ya Novemba. Virginia wamewafunga Virginia Tech na wana nafasi yao kwenye fainali ya ACC kule Charlotte, ya timu mbili za juu. Nafasi ya pili iko mkononi mwa SMU: wakishinda kule Berkeley dhidi ya Cal, wameingia. Wakafungwa 38-35. Kufumba na kufumbua timu tano zikawa zimelingana kwa 6-2: SMU, Miami, Pittsburgh, Georgia Tech na Duke.

Mpwa wangu alikuwa amekaa kwenye zulia sebuleni kwangu. Akachukua bahasha ya bili ya umeme, akageuza upande wa nyuma, akaanza kuandika. SMU aliwafunga Miami. Miami aliwafunga Pittsburgh, 38-7, siku hiyohiyo. Pittsburgh aliwafunga Georgia Tech. Georgia Tech aliwafunga Duke, 27-18, nyumbani kwa Duke. Mishale minne inashuka, na chini kabisa ya bahasha kuna Duke. Miami, SMU na Pittsburgh, Duke hawakukutana nao kabisa msimu ule. Kati ya wale wanne walicheza na mmoja tu, na huyo akawafunga.

Waliokwenda Charlotte ni Duke.

Niliitazama ile bahasha kwa muda mrefu. Bado ninayo.

Kanuni za kuwatenganisha waliolingana zinaanza vizuri. Ya kwanza inauliza nani kamfunga nani. Lakini ili hilo lijibike kwa timu tano, lazima wote wawe wamecheza na wote, na ratiba haikuwakutanisha. Basi ukaruka hapo, ukashuka, ukashuka tena, mpaka ukafika kwenye hesabu ya asilimia: wapinzani wako wa konferensi, wao wenyewe, walishinda mechi zao kwa kiasi gani? Wapinzani wa Duke walikuwa wameshinda zaidi. Yaani nafasi ya fainali imeamuliwa na mechi ambazo Duke hawakuwamo, wala Miami hawakuwamo, wala Georgia Tech hawakuwamo.

Najua utetezi wake, na naukubali nusu. Aliyecheza na wapinzani wagumu zaidi akafikia rekodi ileile ya 6-2, huyo amefanya kazi kubwa zaidi. Ni sawa. Ni bora kuliko kurusha sarafu. Na vijana wa Duke sina neno nao hata moja: walikwenda nyumbani kwa Clemson wakashinda 46-45, na kule Charlotte wakawafunga Virginia 27-20 baada ya muda wa nyongeza, ubingwa wao wa kwanza wa peke yao tangu 1962. Waliambiwa wacheze, wakacheza.

Lakini huo ugumu wa njia nani aliupanga? Oktoba 2023 ACC walitangaza nani atacheza na nani kwa misimu saba, kuanzia 2024 hadi 2030. Wapinzani wa Duke wa 2025 waliandikwa wakati wengi wa wachezaji hawa bado wako sekondari au vyuo vingine, na makocha kadhaa wako kwingine. Hakuna aliyejua nani atakuwa kigogo na nani atakuwa kibonde. Ukipewa vibonde, hukuvichagua. Ukipewa vigogo, hukuvichagua vilevile. Halafu Novemba 2025 karatasi hiyo ya 2023 inafunguliwa na kusomwa kama vile ni matokeo ya uwanjani. Mimi hapo ndipo ninapokataa. Mchezaji anaweza kumzuia aliye mbele yake. Hawezi kuwasaidia Syracuse, mmoja wa wapinzani wake, washinde mechi zao ili asilimia yake ipande.

Na Virginia je, waliokuwa kileleni? Nao katika wale watano walicheza na mmoja tu, Duke, wakawafunga 34-17 tarehe 15 Novemba. Miami hawakuwaona. SMU hawakuwaona. Pittsburgh na Georgia Tech vivyo hivyo. Kwa hiyo fainali ya ACC ya Desemba ilikuwa marudio ya mechi ya wiki tatu nyuma, huku timu nne zilizolingana na Duke zikiwa nyumbani bila kupata hata dakika moja ya kujipima na kinara.

Kilichofuata kila mtu anakijua, lakini acheni nikiseme maana bado kinanichoma. Duke, bingwa wa ACC, rekodi 8-5 kwa msimu mzima, hakuingia kwenye mtoano wa timu 12 wa kutafuta bingwa wa taifa. Nafasi tano za mabingwa zinakwenda kwa mabingwa watano walio juu zaidi kwenye orodha ya kamati inayochagua timu za mtoano, na Tulane na James Madison walikuwa juu yake. Miami, ambao konferensi yao haikuwapa hata nafasi ya kuugombea ubingwa wake, wakaingizwa na kamati wakiwa wa 10. Wakawafunga Texas A&M. Wakawafunga Ohio State. Wakawafunga Ole Miss. Wakafika fainali ya taifa tarehe 19 Januari 2026 wakafungwa na Indiana 27-21. Timu ambayo msimamo wa ACC haukuiona miongoni mwa mbili zake bora ilikuwa ya pili nchi nzima.

Mtu ataniambia, basi mwisho wake si mzuri? Miami si walipata haki yao? Walipata kwa sababu kamati ya watu ndani ya chumba cha mikutano iliamua hivyo. Kamati hiyohiyo, enzi za mtoano wa timu nne, iliwaacha nje Florida State wakiwa 13-0 mwaka 2023. Sitaki haki ya mtu itegemee siku ambayo kamati imeamka vizuri.

Wala si ACC peke yao. Big Ten, konferensi nyingine, 2024: timu 18, mechi tisa, maana yake wapinzani wanane huwaoni kabisa. Ohio State walipangiwa Oregon ugenini, Penn State ugenini, Indiana, na Michigan. Wakawafunga Penn State kwao 20-13, wakawafunga Indiana 38-15, wakafungwa na Oregon kwa pointi moja, wakafungwa na Michigan. Penn State hawakupangiwa Oregon, wala Indiana, wala Michigan. Penn State wakamaliza 8-1 na kwenda fainali ya Big Ten, Ohio State 7-2 wakabaki nyumbani. Januari Ohio State wakawa mabingwa wa nchi. Ukiitazama ratiba kwanza, hilo halikupaswa kumshangaza mtu.

Wapo wanaolilia yale makundi ya zamani, ligi ikigawanywa Mashariki na Magharibi na kila upande ukipeleka mmoja fainali. Mimi siyalilii. Toka 2014 hadi 2023 fainali kumi za Big Ten zilichukuliwa zote kumi na Mashariki. Nusu ya ligi ilikuwa inapeleka mtu wa kufungwa.

Kuna wakati jambo hili lilikuwa rahisi. Pac-10, konferensi ya magharibi, kuanzia 2006 hadi 2010: timu kumi, mechi tisa, kila mtu kacheza na kila mtu. Ukilingana na mwenzako, mmeshakutana. Kwetu Tanzania tunagombana kila msimu kuhusu viporo na panga pangua ya ratiba, na tuna haki ya kugombana, lakini Ligi Kuu ina timu 16 na mechi 30, nyumbani na ugenini, na hakuna bingwa wa Bara atakayesema hakupangiwa Simba au Yanga. Mtu aliyelelewa na msimamo wa aina hiyo hawezi kuzoea huu wa huku. Mimi nina miaka mingi hapa na sijazoea.

Kilichoua urahisi huo ni fedha za televisheni. Big Ten walisaini mwaka 2022 mkataba wa miaka saba unaozidi dola bilioni 7. Konferensi ya Pwani ya Atlantiki sasa ina wanachama California na Texas. Timu zimeongezwa, wiki za msimu hazikuongezwa. Hayo yameshafanyika na sitaandika kana kwamba yatarudi nyuma.

Mwaka 2026 ACC na SEC, konferensi nyingine kubwa, wanahamia mechi tisa. Ni afadhali, nakiri. Ila chukua kalamu: timu 17 mara mechi tisa ni 153, na kila mechi inahitaji timu mbili. 153 haigawanyiki kwa mbili. Lazima angalau timu moja ibaki na nane. Na kwa anayecheza tisa, bado kuna wenzake saba ambao hatawaona.

Ninachotaka ni kitu kimoja. Waache wiki moja wazi. Wiki ya mwisho ni ya watani wa jadi, NC State na North Carolina, Virginia na Virginia Tech, hiyo siigusi na asiiguse mtu. Nataka ile ya kabla yake. Timu zijue tangu Agosti kwamba siku hiyo zinacheza, na nusu zijue kwamba zitakuwa nyumbani, ili tiketi ziuzwe na hoteli zijiandae. Mpinzani asijulikane mpaka wiki mbili kabla, na apangwe kwa msimamo: wa juu na wa juu, ambao hawajakutana.

Wataniambia haiwezekani, mambo ya ndege, mambo ya televisheni. Desemba 2020, mpinzani wa Coastal Carolina alijitoa kwa sababu ya korona. Mechi na BYU ilitangazwa Alhamisi. BYU wakasafiri kutoka Utah mpaka South Carolina, wakacheza Jumamosi. Coastal wakashinda 22-17, na mpaka leo watu huku wanaizungumzia mechi ile. Siku mbili! ACC wenyewe mwezi huohuo walibadili ratiba yao katikati ya msimu, wakaamua Clemson na Notre Dame waishie kwenye mechi tisa za konferensi kila mmoja kabla ya kukutana kwenye fainali. Kwa hiyo wanaweza. Mwaka ule waliona ni lazima, wakaweza.

Shabiki wa kusafiri ataumia kidogo, hilo ni kweli na linaniuma, maana ndege ya kununua wiki mbili kabla si ya bei ya ndege ya kununua Juni. Mimi ningelipa. Mpwa wangu hana uwezo huo, naye anasema angeitazama sebuleni kwangu bila kinyongo.

Turudi Novemba ile. Wiki ya kabla ya watani iko wazi, na Virginia anatafutiwa mpinzani wa juu ambaye hajamwona. Georgia Tech yupo. SMU yupo. Pittsburgh yupo. Mmoja wao anakwenda Charlottesville, au Virginia anapanda ndege kumfuata. Miami na Georgia Tech, ambao hawakukutana, wanaweza kukutana. Duke, ambaye katika wale wanne alimwona mmoja tu, anampata wa pili. Sijui nani angeshinda, na ndiyo maana nataka wacheze.