Kabla hujaomba masta ya ubongo, kaa kwanza na data chafu

Kila nikikutana na mtu anayetaka kwenda kusoma masta ya saikolojia na nyurosayansi huwa namuuliza swali moja tu, we takwimu unazipenda? Wengi wanacheka wanadhani natania. Alafu wanaanza, oh mi napenda ubongo, napenda kujua kwa nini mtu anasahau, kwa nini mtu anaogopa, na zile picha za ubongo zenye rangi nyekundu na njano. Sawa, hata mi niliingia kwa mlango huohuo.

Siku yangu ya kwanza maabara sikuona picha hata moja. Nilipewa rekodi za EEG, yani ile kofia yenye waya inayonasa umeme wa ubongo kutoka juu ya ngozi ya kichwa, nikaambiwa zisafishe. Jamani. Umeme wenyewe ni mdogo mno, volti ukiigawa mara milioni moja ndo unapata vijipande vyake, mtu akipepesa macho tu mistari inayotoka kwenye waya za paji la uso inaruka kama mlima, akiuma meno vurugu tupu, na umeme wa ukutani nao unajipenyeza humohumo. Wiki nzima nakodolea mistari, hii ni ubongo, hii ni kope, hii sijui ni nini. Hiyo ndo nyurosayansi, rangi nyekundu inakuja mwisho kabisa.

Na hiyo rangi nayo usiiamini kirahisi. Mwaka 2009 mtafiti Craig Bennett na wenzake walimuweka samaki aina ya samoni ndani ya mashine ya fMRI, yani ile inayotoa hizo picha za ubongo zenye rangi, samaki mfu kabisa, wakamuonyesha picha za watu na kumuuliza hao watu wanajisikiaje. Na ubongo wake ukawaka! Sio muujiza, ni hesabu. Picha ya ubongo inakatwa vipande vidogo maelfu kwa maelfu na kila kipande kinapimwa peke yake, sasa ukipima mara nyingi hivo bila kusahihisha lazima vichache vitawaka kwa bahati tu. Waliposahihisha, kimya. 2012 wakapewa tuzo ya Ig Nobel, ile ya tafiti zinazochekesha kwanza alafu zinafikirisha, watu wakacheka, ila mi naona kila anayeomba masta aanze na samaki huyo. Tena fMRI yenyewe haioni mawazo, inafuatilia oksijeni kwenye damu, na damu inachelewa sekunde kadhaa nyuma ya neva.

Saikolojia nayo haijapona. Mwaka 2015 ilitoka ripoti ya watafiti waliorudia tafiti 100, mwanzoni karibu zote zilikuwa na matokeo yenye maana kitakwimu, ziliporudiwa ni kama asilimia 36 tu.

Mtu atasema basi bila mashine kubwa na hesabu nzito huwezi kitu. Hapana. Henry Molaison alifanyiwa upasuaji wa kifafa 1953, akatolewa sehemu kubwa ya hipokampasi, yani eneo la ubongo linalohusika na kumbukumbu, pande zote mbili, tangu hapo mambo mapya hayakai kichwani. Mwanasaikolojia Brenda Milner akampa penseli, achore kwa kufuata mistari ya mchoro wa nyota huku anauangalia mkono wake kwenye kioo tu. Siku tatu. Kila siku makosa yanapungua, na kila siku yeye hakumbuki kama aliwahi kuchora hiyo nyota. Penseli, kioo na kuhesabu makosa, basi, tukajua kumbukumbu ziko za aina zaidi ya moja. Ila ona, hata hapo kuna mtu alikaa akahesabu.

Na kama nia yako ni kutibu watu, masta ya utafiti haikupi leseni, hiyo ni njia nyingine na mafunzo yake mengine, uliza mapema maana nimeona watu wanagundua mwaka wa pili.

Wengine mliobaki, jina la chuo mnalihangaikia kupita kiasi, mtafuteni msimamizi, tena waulizeni wanafunzi wake sio yeye. Alafu kabla ya kutuma maombi ingia OpenNeuro, tovuti ya data za ubongo, ziko bure, pakua faili ya mtu mmoja, fungua R au Python, hizo lugha za kompyuta za kuchambua data, uanze kusafisha. Ikifika saa sita usiku bado unabishana na elektrodi moja, kile kidude cha kunasa umeme kichwani, iliyogoma na hata njaa umesahau, tuma maombi. Ukiona kila dakika mbili unashika simu, angalau ada yako bado unayo.